Tairi au minyororo: ulinganisho wa magari ya deraya kwa jeshi la nchi kavu

Brigedi ya askari wa miguu inapotengewa magari mapya ya deraya, mjadala huanzia kwenye bunduki na unene wa bamba la chuma. Hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Bunduki hubadilishwa, bamba huongezwa juu ya bamba, redio hung'olewa ikafungwa nyingine. Kinachobaki na jeshi kwa miaka 30 au 40 ni jinsi chombo kinavyokanyaga ardhi, kwa tairi au kwa minyororo. Uamuzi huo ndio unaopanga ukubwa wa karakana, idadi ya malori ya mafuta, madaraja yatakayopitika, hata mahali pa kujenga kambi.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema ili msomaji aupime anaposoma. Nchi yenye masafa marefu na mipaka mingi ya kulinda iwape tairi askari wake wengi wa miguu, iweke minyororo kwenye brigedi moja au mbili za mashambulizi, na isichanganye aina hizo mbili ndani ya batalioni moja ya askari wa miguu. Yapo mazingira yanayopindua hesabu hiyo, nayo tutayafikia.

Vyombo vitatu kwenye mizani

Tumechukua vyombo vitatu vya Kisovieti kwa sababu vimeenea katika majeshi ya Afrika, Asia na Ulaya Mashariki na tabia zake zinajulikana. BTR-80 ni gari la tairi nane la kubeba askari. BMP-2 ni gari la vita la askari wa miguu lenye minyororo. T-72 ni kifaru kamili.

| | BTR-80 | BMP-2 | T-72 (toleo la mwanzo) |
|---|---|---|---|
| Uzito | tani 13.6 | tani 14.3 | tani 41 |
| Watu | wahudumu 3, askari 7 | wahudumu 3, askari 7 | wahudumu 3 |
| Silaha kuu | bunduki ya mm 14.5 | mzinga wa mm 30 | mzinga wa mm 125 |
| Injini | nguvu farasi 260 | nguvu farasi 300 | nguvu farasi 780 |
| Kasi barabarani | km 80 kwa saa | km 65 kwa saa | km 60 kwa saa |
| Mafuta | lita 300 | lita 462 | lita 1,200 |
| Umbali barabarani | km 600 | km 550 hadi 600 | km 460 hivi |
| Handaki linalovukika | mita 2.0 | mita 2.5 | mita 2.8 |
| Ukuta unaopandika | mita 0.5 | mita 0.7 | mita 0.85 |
| Maji | huelea, km 9 kwa saa | huelea, km 7 kwa saa | kina cha mita 5 kwa bomba la kupumulia |

BTR-80 na BMP-2 zinakaribiana uzito na zinabeba watu sawasawa, kwa hiyo zinafaa kulinganishwa bega kwa bega. Gawanya mafuta kwa umbali: BTR-80 inakunywa nusu lita kwa kilomita, BMP-2 lita 0.8, na T-72 lita 2.6. Kombania ya magari 10 ikisafiri kilomita 500 itahitaji lita 2,500 ikiwa ya BTR-80, lita 4,000 ikiwa ya BMP-2, na lita 13,000 ikiwa ya T-72. Hiyo ni barabara nzuri, mwendo wa kutulia. Porini, kwenye gia za chini na injini ikinguruma muda mrefu magari yakiwa yamesimama, afisa ugavi mwenye busara huongeza nusu ya kiasi hicho, na kwenye tope hukizidisha mara mbili. Hesabu ya mafuta ndiyo ianze kabla ya hesabu ya risasi, maana kombania iliyoishiwa dizeli ni ya kulindwa na wengine.

Tope, mchanga na udongo mweusi

Hapa minyororo ina haki yake. Uzito wa chombo cha minyororo husambazwa kwenye eneo kubwa, hivyo T-72 yenye tani 41 hukandamiza ardhi kwa wastani wa kilo 0.83 hivi kwa kila sentimita ya mraba, na BMP-2 kwa kilo 0.6 hivi. Tairi hukandamiza ardhi kwa kiasi kinachokaribia presha ya upepo uliomo ndani yake. Gari lenye tani 13 na tairi ngumu za barabarani linaweza kuzama mahali ambapo kifaru chenye uzito mara tatu kimepita salama.

Ndiyo maana magari mazuri ya tairi yana mfumo wa kushusha na kupandisha upepo dereva akiwa kwenye usukani. Upepo ukishushwa, tairi hulala, eneo linalogusa ardhi huongezeka na mkandamizo hupungua. Kosa la kawaida ni dereva kushusha upepo akiwa ameshazama. Upepo unashushwa kabla ya kuingia kwenye tope, na unapandishwa mara tu ardhi ngumu inaporudi, kwa sababu tairi laini ikikimbizwa barabarani hupata joto, kuta zake hupasuka na inaweza kuchomoka kwenye rimu. Mfumo wenyewe una udhaifu wake: mipira ya kupitisha upepo na sili za kwenye vitovu vya magurudumu huvuja, na gari linaloshinda likijaza upepo lenyewe siku nzima linachosha kompresa hadi life. Asubuhi kabla injini haijawashwa, fundi apime kila tairi kwa geji ya mkono. Iliyolala usiku ndiyo yenye tatizo.

Wastani wa mkandamizo wa minyororo nao unadanganya kidogo. Mzigo haugawanyiki sawasawa kwenye urefu wote wa mnyororo, bali unakaa zaidi chini ya kila gurudumu la ndani. Chombo chenye magurudumu machache yaliyoachana sana huchimba zaidi kuliko namba yake ya kitabuni inavyoonyesha. Anayenunua aulize idadi na nafasi ya magurudumu hayo, asiishie kwenye wastani.

Vyote viwili hukwama, na vyote viwili hukwama kwa tumbo. Tairi zikianza kuzunguka bila gari kusogea, kila sekunde ya mafuta inalizamisha zaidi. Dereva aache mara moja, ashushe upepo hadi kiwango cha dharura, anyooshe usukani na arudi nyuma kwenye nyayo zake mwenyewe. BTR-80 ina winchi yake mbele, hivyo ikipata mti au gari jingine la kuishikilia hujivuta yenyewe.

Kifaru kina dawa ya zamani inayofanya kazi hadi leo, nayo ni gogo linalobebwa nyuma yake. Kifaru kikikalia tumbo, wahudumu hulilaza gogo mbele ya minyororo yote miwili na kulifunga kwa nyaya kwenye kila mnyororo, pande zote kwa usawa. Dereva hutia gia ya kwanza na kusogea taratibu. Minyororo hulivuta gogo chini ya kifaru, kifaru hunyanyuka na kupata kitu cha kukanyagia. Mtu mmoja anasimama kando, mbali na nyaya, akimwonyesha dereva kwa mkono, na kazi yake kubwa ni kumsimamisha kabla gogo halijapanda nyuma. Likipanda hung'oa maturubai, mapipa ya mafuta na chochote kilichofungwa hapo. Kama kifaru hakijatoka, gogo hufunguliwa, huletwa mbele, na kazi huanza upya.

Oktoba 2011, Kenya ilipoingia kusini mwa Somalia, mvua ilianguka na tope likapunguza kasi ya magari mapema kabisa. Ukraine, mwanzoni mwa 2022, magari ya Urusi yaling'ang'ania barabara za lami kwa sababu mashamba yalikuwa yamelowa, na misafara iliyopangana kwenye barabara moja ikawa rahisi kuvamiwa. Somo la pili ni zito kuliko la kwanza: tope linamwambia adui ni wapi utapita.

Masafa marefu

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1999, kikosi cha Urusi cha askari wapatao 200 kilitoka Bosnia kwa BTR-80 na malori, kikapita Serbia na kufika uwanja wa ndege wa Pristina, Kosovo, kabla ya majeshi ya NATO. Safari kama hiyo kwa minyororo ingehitaji treni au lobedi, yaani trela la chini la kubebea vyombo vizito, na mtu angeiona inapakiwa.

Mnyororo wa chuma una maisha yanayohesabika kwa maelfu machache ya kilomita, tena hupungua kwenye mawe na mchanga mkali. Tairi hudumu kwa umbali mkubwa zaidi, na likipasuka moja si lazima ubadilishe yote nane. Minyororo isiyo na pedi za mpira pia hukata lami, na barabara ikiharibiwa na kombania ya kwanza, malori ya mafuta yanayofuata ndiyo yanayoteseka. Juu ya hayo kuna mtikisiko. Askari aliyekaa saa sita ndani ya gari la minyororo hushuka akiwa mchovu, na mtikisiko huohuo hulegeza nati, soketi za redio na vioo vya kulengea shabaha.

Kwa hiyo anayenunua minyororo ananunua na lobedi. Hii ndiyo sehemu inayoachwa nje ya bajeti mara nyingi kuliko zote. Kombania ya vifaru 10 inahitaji lobedi 10 ili isafiri kwa mkupuo mmoja. Ikiwa na 5, safari inakuwa mbili, na nusu ya kombania inafika siku nyingine. Lobedi nayo ni mzigo juu ya mzigo: kifaru cha tani 41 pamoja na kichwa na trela lake hukaribia tani 70. Daraja likiwa halibebi hivyo, kifaru hushushwa, hupita peke yake katikati ya daraja kwa mwendo wa taratibu bila kubadilisha gia wala kupiga breki, kisha lobedi hufuata tupu. Kila daraja la namna hiyo hula muda, na upana nao uangaliwe: T-72 ina karibu mita 3.5, na madaraja mengi ya vijijini hayana nafasi hiyo kati ya kingo zake.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano ulio wazi. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka kwenye mto Kagera, na jeshi la Tanzania, JWTZ, lililazimika kuweka daraja la chuma la aina ya Bailey ili magari na silaha nzito zivuke. Machi 1979, huko Lukaya, Uganda, barabara ilipita juu ya tuta katikati ya kinamasi kirefu. Gari lililo kwenye tuta kama hilo, liwe la tairi au la minyororo, halina kushoto wala kulia. Wanaotaka kuzunguka wanafanya hivyo kwa miguu, au kwa kutafuta njia nyingine ya mbali. Ramani ya vinamasi na madaraja iwe mezani kabla ya brosha ya muuzaji.

Mnyororo ukichomoka

Tairi likipasuka, gari lenye kiini kigumu ndani ya tairi huendelea kilomita kadhaa kwa mwendo mdogo, na chombo cha tairi nane kinaweza kusonga hata kikipoteza gurudumu moja au mawili. Mnyororo ukikatika au kuchomoka, chombo kinasimama hapohapo. Huo ndio udhaifu mkubwa wa minyororo vitani, na sehemu kubwa yake hutokana na uzembe wa kambini.

Sababu zake ni zilezile kila mahali. Mnyororo umelegea kwa sababu hakuna aliyepima mkazo wake asubuhi. Pini na bushi zimelika, mnyororo umerefuka. Dereva amekata kona kali akiwa kwenye mteremko wa ubavu, au amekata kona akirudi nyuma kwenye udongo laini, na tope na mawe vikajaa kwenye gia ya meno inayovuta mnyororo.

Dereva akisikia mlio wa kugonga na chombo kikaanza kuvuta upande mmoja, asimame papo hapo. Akiendelea hata mita chache, mnyororo hujikunja kati ya gia na mwili wa gari, na kazi ya saa moja inakuwa kazi ya siku na ya mtungi wa gesi wa kukatia chuma. Akishasimama, wahudumu hulegeza gurudumu la kukaza, huondoa tope, hutafuta pini iliyo mahali rahisi na kuitoa. Mnyororo hunyooshwa chini kwa mstari na magurudumu, chombo husogezwa au huvutwa hadi magurudumu yaukanyage. Kisha kebo hufungwa kwenye ncha ya mnyororo na kupitishwa juu ya gia, gia huzungushwa taratibu na kuivuta ncha hiyo hadi ikutane na mwenzake. Ncha hubanwa kwa kibanio, pini hurudishwa, mkazo hupimwa kwa kipimo cha kitabu cha chombo chenyewe, na baada ya kilomita chache hupimwa tena kwa sababu mnyororo hukaa. Vidole havipiti kwenye tundu la pini kamwe. Mstari wa matundu hukaguliwa kwa chuma chembamba.

Siku hizi ipo minyororo ya mpira isiyo na viungo, inayotumika kwenye magari mepesi kama M113 na hata CV90. Inapunguza uzito, kelele na mtikisiko kwa kiasi kikubwa, na haiharibu lami. Kasoro yake ni kwamba ikikatika vibaya huwezi kuchomeka kiungo kimoja ukaondoka. Jeshi lenye barabara nyingi na vita vichache vya karibu litaifurahia. Linalotarajia mabomu ya ardhini lifikiri mara mbili.

Magari ya tairi nayo yanaharibika kwa kusimama. Tairi zinazokaa juani miaka bila kusogezwa hupasuka kuta zake upande mmoja, zikaonekana nzima hadi siku ya safari. Kila tairi ina namba nne ubavuni: mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mkaguzi asome namba hizo kwenye kila tairi pamoja na za akiba stoo. Gari lisilotumika lisogezwe kila mwezi, au liwekwe juu ya stendi na kufunikwa.

Mabomu, makombora na mlango wa kutokea

Hakuna gari jepesi la aina yoyote kati ya hizi mbili linalozuia RPG-7, silaha ya begani ya kurusha makombora, kwa bamba lake la asili. Kombora la kawaida la silaha hiyo hutoboa zaidi ya milimita 250 za chuma, na mbele ya BTR-80 hakufikii hata milimita 15. BTR-80 inazuia risasi za bunduki za kawaida. BMP-2 inazuia risasi nzito zaidi upande wa mbele tu. Anayetaka kuhimili zaidi huongeza uzito, na hapo minyororo hupata nafasi tena, kwa sababu inabeba tani nyingi bila kuzama. Magari ya tairi nane yamefikia tani 36 na zaidi, kama Boxer, lakini hapo yanakaribia uzito wa vifaru vya zamani, na ekseli, springi na tairi zake hugharimu ipasavyo.

Dhidi ya mabomu ya kutegwa ardhini hali inageuka. Afrika Kusini ilijifunza hili Namibia na Angola, ikajenga Casspir yenye sakafu ya umbo la V na magurudumu yaliyo mbali na chumba cha askari. Ililengwa kuhimili mlipuko wa mabomu matatu ya TM-57, sawa na kilo 21 za baruti ya TNT, chini ya gurudumu moja. Gurudumu linaruka, askari wanabaki hai, ekseli mpya inafungwa. Umbo hilo ni gumu kuliweka kwenye chombo cha minyororo bila kukifanya kirefu mno kwenda juu.

Mlango unastahili kuangaliwa kuliko unavyoangaliwa. BTR-60 iliwalazimu askari wengi kutokea juu, wakiwa shabaha. BTR-80 ina mlango wa ubavuni kati ya ekseli ya pili na ya tatu, na nusu yake ya chini hufunguka kuwa ngazi. Ni afadhali, ila upande mmoja wa gari siku zote unatazama moto. BMP-1 na BMP-2 hutoa askari nyuma, jambo zuri, lakini milango yenyewe ina matangi ya mafuta ndani yake. Gari la kuchagua ni lile lenye injini mbele na mlango mpana nyuma, kama M113 ilivyoonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenye kununua awaweke askari saba wenye mizigo kamili ndani, afunge mlango, kisha apime kwa saa wanavyotoka.

Majeshi makubwa yalichagua nini

Afrika Kusini ilichagua tairi kwa sababu ya masafa na ardhi kavu. Ratel yenye tairi sita ilibeba mzinga wa mm 20, na toleo jingine mzinga wa mm 90. Mwaka 1987 kwenye mto Lomba, Angola, Ratel za mm 90 zilipambana na vifaru vya T-54 na T-55 kwenye kichaka kizito, zikizunguka ili zipige ubavuni. Zilifanya kazi kubwa. Hata hivyo jeshi hilohilo lilileta vifaru vya Olifant, vilivyoanza kupigana Novemba mwaka huo, kwa kuwa kumkabili adui uso kwa uso kwenye ngome zake kulitaka chuma kizito.

Ufaransa nayo, ilipoingia Mali Januari 2013, ilitegemea magari ya tairi: VAB, VBCI na AMX-10RC yenye mzinga wa mm 105. Sehemu ya kikosi ilitoka Abidjan hadi Bamako kwa barabara. Vifaru vya Leclerc havikupelekwa. Kwa adui mwenye magari mepesi na jangwa lisilo na mwisho, uchaguzi ulikuwa sahihi. AMX-10RC hizo zilipofika Ukraine mwaka 2023 na kutumika katika mashambulizi ya mstari wa mbele, wembamba wa bamba lake ulionekana haraka mbele ya mizinga.

Marekani iliunda brigedi za Stryker zenye magari ya tairi nane, zaidi ya 300 kwa brigedi, na ya kwanza ikaingia Iraq Desemba 2003. Uzio wa nondo wa kuzuia RPG uliongeza zaidi ya tani 2 kwa kila gari, na mfumo wa kujaza upepo ukazidiwa hadi wahudumu wakawa wanapima tairi kwa mkono. Kila kilo unayoongeza juu ya gari la tairi hulipwa na tairi lenyewe. Afghanistan, mwaka 2011, zikaletwa zenye sakafu ya V mbili. Lakini iliposhambuliwa Baghdad Aprili 2003, walioingia katikati ya mji kwanza walikuwa vifaru vya Abrams na magari ya Bradley, vyote vya minyororo, kwa sababu vingeweza kupigwa na kuendelea.

Muundo wenye mafunzo zaidi ni wa divisheni ya Kisovieti ya askari wa miguu wenye magari, miaka ya 1980. Ilikuwa na rejimenti tatu za askari hao, kwa kawaida mbili za BTR na moja ya BMP, pamoja na rejimenti moja ya vifaru. Rejimenti ya BMP ilikwenda pamoja na vifaru kwa sababu ingeweza kuvifuata popote. Za BTR zilitumika pembeni, barabarani, na kushikilia kilichotekwa. Walichanganya ndani ya divisheni, na ndani ya batalioni ya askari wa miguu wakabaki na aina moja ya gari. Sababu ni ya kawaida kabisa: batalioni husafiri kwa mwendo wa gari lake la polepole, na stoo yake hubeba spea za aina zote ilizonazo.

Uchague lipi

Kama umbali kutoka kambini hadi mpakani unazidi kilomita 300, barabara zipo, na kazi kubwa ni doria, misafara na kulinda amani, chukua tairi. Dereva wa lori hubadilishwa kuwa dereva wa tairi nane kwa muda mfupi, na fundi wa karakana ya malori anakuta injini, difu na breki anazozijua.

Kama mpaka una mabonde ya udongo mweusi yanayolowa miezi kadhaa, au adui ana vifaru na mahandaki, minyororo haikwepeki. Katika hali hiyo nunua kifurushi kizima: lobedi kwa kila chombo cha kombania moja angalau, kifaru cha uokoaji chenye winchi kwa kila kombania, kifaru kinachobeba daraja kwa kila batalioni, na karakana yenye kreni ya kunyanyua injini nzima.

Kama tatizo kubwa ni mabomu barabarani, gari la kimo kirefu lenye sakafu ya umbo la V hushinda yote mawili kwa usalama wa askari. Lakini kituo chake cha uzito kiko juu, hupinduka kwenye kingo za barabara zilizolika, na halifai kushambulia.

Jeshi lisilo na bajeti ya spea ya miaka 10 lisinunue kabisa vyombo vipya vya minyororo. Vifaru 30 ambavyo 10 tu vinawaka vina thamani ndogo kuliko magari 30 ya tairi yanayowaka yote.

Kabla ya kutia saini

Muuzaji huonyesha gari tupu kwenye uwanja mkavu. Mnunuzi adai lipimwe likiwa na uzito kamili wa vita: askari, risasi, maji, mafuta na bamba la ziada. Likimbizwe kilomita 500 kwa siku mbili, kisha liingizwe kwenye shamba lililomwagiwa maji usiku kucha. Mafundi wa jeshi wenyewe, bila mkono wa muuzaji, watoe injini na kuirudisha, wabadilishe tairi mbili au wafungue na kufunga mnyororo, saa ikihesabu. Gari lipakiwe magogo ya uzito wa askari kama bado hamna askari wa kutosha, kwa sababu springi huanza kuonyesha udhaifu zikibeba, hasa za nyuma.

Kwenye mkataba, spea za mwanzo zitajwe kwa namba za vipuri, si kwa fungu la fedha. Kwa tairi: seti moja kamili ya ziada kwa kila magari matatu, rimu, viini vya ndani, kompresa, sili za vitovu na shafti za ekseli. Kwa minyororo: seti moja kamili kwa kila vyombo viwili, viungo vya akiba vinavyobebwa juu ya kila chombo, pini, bushi, gia za meno, magurudumu ya ndani, na vibanio vya kuunganishia, viwili kwa kila platuni.